Kipindi cha 11: Mwili Unapoikataa Dawa

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama una mtoto mgongoni, vuta kigoda uketi. Leo tunazungumza na akina mama, akina nyanya, akina shangazi, yaya, na kila mtu anayemshika mtoto na kumnywesha dawa.

Mada yetu ni mzio wa dawa, jambo ambalo wengi wetu huliita aleji. Bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema, "Mimi sindano ya pensilini hunikataa," au, "Nikinywa Septrin natokwa na vipele mwili mzima." Je, ni nini hasa hutendeka ndani ya mwili? Kwa nini dawa iliyomponya mtoto wa jirani imvimbishe wako uso? Na kwa nini dawa ambayo mwanao aliinywa mwaka jana bila shida yoyote imletee taabu leo? Fuatana nami. Ukilielewa jambo hili, utaelewa pia kwa nini kulijua jina la dawa kunaweza kuokoa maisha ya mtoto wako.

ASKARI WA MWILI NA KAZI YAO

Kila mtu ana kinga mwilini. Kinga hiyo hufanywa na seli nyeupe za damu, ambazo katika vipindi vyetu vilivyopita tumeziita askari wa mwili. Fikiria boma lenye ua na lango. Askari huzunguka mchana na usiku wakimtazama kila anayeingia. Wenyeji wanawafahamu. Chakula wanakifahamu. Lakini kikiingia kidudu cha maradhi, wanakipiga vita.

Askari hawa wana sifa moja kubwa: hawasahau. Wakishapigana na adui, hutengeneza silaha zinazomfaa adui huyo peke yake. Silaha hizo huitwa kingamwili. Akirudi siku nyingine, wanamtambua mara moja na kumshambulia kabla hajapata nafasi. Hiyo ndiyo sababu unampeleka mtoto kliniki kuchanjwa surua akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Chanjo huwafundisha askari sura ya adui mapema.

Kumbukumbu hiyo ni baraka. Lakini ni kumbukumbu hiyo hiyo inayoleta mzio, pale askari wanapokosea na kumweka rafiki katika orodha ya maadui.

KOSA HUANZA HIVI

Chembe za dawa nyingi ni ndogo mno, ndogo kiasi kwamba askari hawazishughulikii. Hata hivyo, dawa nyingine kama pensilini zikiingia mwilini hujibandika kwenye protini za mwili wenyewe. Ni kama mtu wa nyumbani anayerudi jioni amevaa koti geni na kofia iliyomfunika uso. Mtu ni yule yule wa siku zote, lakini askari langoni hawamtambui.

Kwa watu wengi, askari humtazama na kumwacha apite. Kwa wachache, humhesabu kuwa adui na kuanza kutengeneza kingamwili za kupambana naye. Hii si laana, wala si kwamba mama alimlea mtoto vibaya. Ni maumbile ya mwili wa mtu huyo.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Mara ya kwanza, kwa kawaida huoni kitu. Mtoto anameza dawa, anapona, anarudi kucheza. Lakini ndani ya siku na wiki zinazofuata, kingamwili zile zimekwisha kutengenezwa, nazo huenda kukaa juu ya seli maalum zilizoko chini ya ngozi, puani, kooni, mapafuni na tumboni. Seli hizo hubeba vifuko vilivyojaa kemikali kali, na inayojulikana zaidi ni histamini. Ni kama mtego uliokwisha kutegwa. Mtoto anakula, anacheza, anakua, na hakuna anayejua kwamba mtego upo.

Siku dawa ile ile ikirudi, hugusa mtego nao hufyatuka. Vifuko hupasuka na histamini humwagika kwa ghafla. Ikimwagika kwenye ngozi, ngozi huwasha na kuvimba mabaka. Ikimwagika puani na machoni, makamasi na machozi hutiririka. Ikimwagika mapafuni, njia za hewa hujibana na kifua hulia kama filimbi. Ikimwagika tumboni, mtoto hutapika au kuumwa na tumbo. Na ikimwagika mwili mzima, mishipa ya damu hulegea, msukumo wa damu hushuka, na mtoto huweza kuzirai.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuliona jambo hili wazi walikuwa madaktari wa watoto. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Vienna, madaktari Clemens von Pirquet na Béla Schick walikuwa wakiwatibu watoto kwa sindano zilizotengenezwa kutokana na damu ya farasi, dawa iliyotumika wakati huo kwa magonjwa kama dondakoo. Waliona kwamba baadhi ya watoto walipata homa na vipele siku kadhaa baada ya sindano ya kwanza. Lakini watoto waliochomwa mara ya pili walipata vipele haraka zaidi. Madaktari hao wakaelewa kwamba mwili ulikuwa umejifunza kitu. Mwaka 1906, von Pirquet alilitunga neno ambalo sisi tunalitamka aleji.

Kwa hiyo mama, usiseme, "Dawa hii ameitumia zamani, haiwezi kumdhuru." Kutumia zamani si hakikisho. Wala usiseme, "Nitampa nusu tembe tu nione." Mtego hauhitaji tembe nzima. Kiasi kidogo kinaweza kuufyatua.

MZIO WA HARAKA NA MZIO WA POLEPOLE

Mzio tuliousimulia ni ule wa haraka. Huanza ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya saa moja kwisha. Dawa ya sindano huuleta upesi zaidi kuliko dawa ya kumeza. Ndiyo maana muuguzi anapokwambia, "Mama, kaa hapo nje kidogo kabla ya kwenda," hakucheleweshi bure. Anamlinda mtoto wako.

Hapa niongeze neno kwa anayeogopa chanjo. Mzio mkali unaotokana na chanjo ni nadra sana, takriban mara moja katika dozi milioni moja. Surua si nadra namna hiyo. Mpeleke mtoto akachanjwe, kisha kaa mahali ulipoambiwa ukae.

Mzio wa pili ni wa polepole. Huu haufanywi na kingamwili zile wala mtego wa histamini. Hufanywa na askari wa aina nyingine, ambao huishambulia ngozi wao wenyewe. Huchukua siku kadhaa, na mara nyingine wiki kadhaa, tangu mtoto alipoanza dawa. Mara nyingi ni vipele vidogo vidogo kifuani na mgongoni, ambavyo huisha dawa ikisimamishwa. Lakini mara chache huwa hatari kubwa. Mtoto hupata homa, macho yanawaka, vidonda vinatokea mdomoni na sehemu za siri, kisha ngozi inafanya malengelenge na kubambuka kana kwamba ameungua kwa maji moto. Ugonjwa huo huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani waliouandika mwaka 1922. Dawa zinazojulikana kuuleta ni pamoja na dawa za salfa kama Septrin, dawa ya nevirapini, na dawa za kifafa kama kabamazepini na fenobabitali.

Usishtuke ukazitupa dawa hizo. Septrin huwakinga wengi, wakiwemo watoto wachanga waliozaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi, ambao huanza kuinywa wakiwa na wiki 6. Dawa za kifafa huokoa maisha kila siku. Tunachotaka ni macho yako yawe wazi. Wengi wa wanaozitumia hawapati shida hii, lakini anayeipata anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

NGOZI YETU INAONYESHAJE?

Vitabu vingi huandika kwamba mzio huleta madoa mekundu. Kwa ngozi nyeusi, wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana, kisha upapase kwa kiganja. Mabaka ya mzio wa haraka huinuka kama ya mtu aliyepitia kwenye upupu, huwasha sana, na huweza kuhama: sasa yako tumboni, baada ya muda yako mapajani. Tazama pia midomo, kope za macho na ulimi, kwani hapo uvimbe huonekana upesi.

SI KILA KIPELE NI MZIO

Hapa pia tusikosee. Dawa nyingi za kuua bakteria huweza kumharisha mtoto kidogo. Nyingine huleta kichefuchefu. Hayo ni madhara ya kawaida ya dawa, si kazi ya askari wa kinga. Kuna pia virusi vinavyoleta homa na vipele kwa watoto. Mtoto akipewa amoksilini wakati ana virusi hivyo, vipele hutokea siku chache baadaye, na lawama yote ikaangukia dawa.

Kwa nini tujali tofauti hii? Kwa sababu mtoto akishaitwa mwenye mzio wa pensilini bila uhakika, maisha yake yote atanyimwa dawa nzuri, tena ya bei nafuu. Amoksilini ndiyo dawa ya kwanza ya nimonia kwa watoto wetu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kama Marekani umeonyesha kwamba katika kila watu 10 wanaosema wana mzio wa pensilini, karibu 9 hukutwa hawana wanapopimwa. Wengine hawakuwa nao tangu mwanzo. Wengine walikuwa nao, lakini miaka ikapita na askari wakapoa. Lakini sikiliza: kupima huku ni kazi ya daktari, mahali penye dawa za dharura. Usijaribu nyumbani hata kidogo.

DAWA ZINA UKOO

Jambo jingine linalowanasa wazazi wengi ni majina. Askari wa mwili hawasomi jina kwenye pakiti. Wanatambua umbo. Dawa za ukoo mmoja hufanana umbo, hata kama majina yake ni tofauti na rangi zake ni tofauti.

Ukoo wa pensilini una amoksilini, ampisilini na flukloksasilini. Augmentin imo, na Ampiclox imo. Mtoto aliyepata mzio mkali kwa moja kati ya hizo asipewe nyingine bila daktari kuamua.

Ukoo wa salfa unaozoeleka kwetu una Septrin. Na hapa mama mjamzito atege sikio. Katika maeneo yenye malaria nyingi, kama Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wajawazito hupewa kliniki tembe za SP za kuzuia malaria, zile ambazo wengi wetu tulizijua kwa jina la Fansidar. Ndani ya SP mna salfa. Kama Septrin iliwahi kukuletea mabaka, uvimbe au vidonda vya mdomoni, mwambie muuguzi kabla hujazimeza. Mwambie vilevile kama unakunywa Septrin kila siku, kwa sababu dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja.

Dawa za maumivu kama asprini na Brufen nazo huwasumbua baadhi ya watu, hasa wenye pumu. Mara nyingi hizo huufyatua mtego hata bila kingamwili, kwa hiyo shida inaweza kutokea mara ya kwanza kabisa.

Tuchukue mfano. Mtoto ana kikohozi. Mama ananunua tembe chache dukani, zinafungwa kwenye kikaratasi kisicho na maandishi. Baada ya dozi, mtoto anatokwa na mabaka, mama anazitupa, na mabaka yanaisha. Miezi sita baadaye mtoto yuko kwa nyanya yake, anaugua tena, naye nyanya anampeleka zahanati. Daktari anauliza, "Kuna dawa inayomkataa?" Nyanya anajibu, "Kuna moja, ilikuwa na rangi mbili." Dawa zenye rangi mbili ni nyingi. Daktari afanye nini? Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa na mwili wa mtoto, lakini halikuandikwa popote.

HATUA ZA KUCHUKUA

Ukiona dalili hizi baada ya mtoto kupewa dawa, huo ni mzio mkali na hakuna wakati wa kupoteza:

- midomo, ulimi au koo kuvimba, au sauti kukwama;
- kupumua kwa shida, au kifua kulia filimbi;
- kulegea, kizunguzungu, kuzirai, au mikono na miguu kuwa baridi;
- mabaka mwilini pamoja na kutapika sana au kuumwa sana na tumbo.

Usimpe dawa ile tena. Mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Usiipite zahanati ukitafuta hospitali kubwa, kwa sababu dawa inayotakiwa ni sindano ya adrenalini, na kila mahali panapotolewa sindano panapaswa kuwa nayo. Huchomwa pajani, hukaza mishipa iliyolegea na kufungua njia za hewa. Ingia ukisema wazi, "Mtoto amepewa dawa, sasa hawezi kupumua." Usisubiri foleni.

Njiani, mtoto aliyelegea alazwe, miguu iinuliwe kidogo. Asisimamishwe wala kutembezwa, kwa maana anaweza kuanguka ghafla. Kama anapumua kwa shida, mwache aketi. Akiwa anatapika au amezirai lakini anapumua, mlaze ubavu.

Usimnyweshe maziwa wala mafuta, na usimtapishe. Maziwa hayaizimi histamini, na mtoto aliyevimba koo anaweza kupaliwa. Piriton hupunguza mwasho wa ngozi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya adrenalini. Na akishapata nafuu, usiharakishe kurudi nyumbani. Mzio mkali huweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo kubali akae chini ya uangalizi.

Kama ni homa pamoja na malengelenge, vidonda vya mdomoni, macho kuwaka au ngozi kubambuka, simamisha dawa na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama alianza dawa wiki tatu zilizopita.

Kama ni vipele au mwasho tu, bila dalili za hatari, usimpe dozi inayofuata kabla hujaonana na mhudumu wa afya siku hiyo. Usinyamaze nyumbani kwa wiki nzima. Hasa kwa dawa za virusi vya ukimwi, kifua kikuu na kifafa, ni mhudumu wa kuamua ibadilishwe ipi, ili mtoto asikae bila kinga.

ANDIKA JINA

Siku mtoto akipata mzio, mwombe mhudumu akuandikie mambo manne katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto: jina la dawa, tarehe, kilichotokea, na ilichukua muda gani tangu alipopewa. Akiwa mkubwa na hana kijitabu, andika kwenye karatasi uihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Kisha waambie wote wanaomlea: baba, nyanya, yaya, na mwalimu wake shuleni.

Dukani usikubali dawa isiyo na jina. Sema tu kwa upole, "Naomba uniandikie jina lake." Ni haki yako. Tunza pakiti au chupa mpaka mtoto apone. Na dawa iliyobaki kwa jirani ibaki kwa jirani, hata kama amekupa kwa moyo mwema. Yeye anawajua askari wa mtoto wake, hawajui wa mtoto wako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mzio ni kinga ya mwili kuidhania dawa kuwa adui. Mara ya kwanza kwa kawaida huwa kimya, shida huja ikirudiwa.
2. Uvimbe wa mdomo au koo, shida ya kupumua na kulegea ni dharura. Kimbilia kituo cha karibu.
3. Malengelenge na vidonda vya mdomoni ni hatari, hata wiki kadhaa baada ya kuanza dawa.
4. Dawa za ukoo mmoja zina majina mengi. Taja mzio wa mtoto kila mara kabla ya kupokea dawa.
5. Jina lililoandikwa hulinda kuliko rangi inayokumbukwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, unayajua majina ya dawa alizotumia mtoto wako mwaka huu?
2. Kama wewe hauko nyumbani, nani mwingine anajua dawa inayomkataa mtoto wako?
3. Kutoka kwako, kituo cha afya kilicho karibu zaidi ni kipi, na usiku utafikaje?

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Kabla hujalala leo, toa kijitabu cha kliniki ulichokihifadhi sandukuni, ufungue, utazame kama kuna jambo linalostahili kuandikwa humo. Kama lipo, kesho lipeleke kliniki. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia wewe na watoto wako afya njema. Kwaheri.